Kibao cha Kioo: Yaliyonipata katika Kutengeneza Zana Moja

Nimesoma makala nyingi za walimu wenzangu juu ya zana za kufundishia zilizotengenezwa kwa vitu vilivyo karibu: tufe la dunia lililofinyangwa kwa udongo, vihesabio vya visoda, mizani ya vifuu vya nazi (nasi wa bara, tusio na minazi, tukatumia vibuyu). Zana ninayotaka kuieleza hapa ni duni kuliko zote hizo. Ni ubao mmoja, kipande kimoja cha kioo na sponji. Kazi yake ni kunyoosha karatasi ndogo ndogo ili zipate kupigwa picha kwa simu na maandishi yake yasomeke. Nisingethubutu kuchukua wakati wa msomaji kwa jambo dogo kama hili, lakini kibao hicho kimeniaibisha mara mbili mbele ya wanafunzi wangu na mara moja mbele ya bibi mmoja wa kijijini, na kwa sababu ya aibu hizo nililazimika kubadili namna yangu ya kufundisha.

Shule ninayofundisha ni ya kutwa, katika Wilaya ya Ikungi, si mbali na barabara itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Huku kwetu karatasi hazikai katika majalada. Hukaa ndani ya sanduku la bati chini ya nguo, au ndani ya mfuko wa nailoni uliochomekwa kwenye boriti za tembe, au katikati ya Biblia na Msahafu, au katika pindo la khanga. Ili iingie humo karatasi hukunjwa mara mbili, mara nne, wakati mwingine mara nane. Moshi wa jikoni huitia rangi ya chai, na kiangazi chetu, kianzacho Mei na kuendelea hadi Novemba, huikausha mpaka ikawa kama ganda. Na ndizo karatasi zenye maisha ya watu: kadi za kliniki za watoto, vyeti vya ubatizo, stakabadhi za mauzo ya alizeti, hati za kuuziana mashamba zenye alama ya dole gumba na mhuri wa mtendaji, vyeti vya kumaliza elimu ya msingi. Zamani ilitosha mwenye karatasi kuifunua mezani mbele ya karani. Siku hizi karani hayupo. Iko tovuti, nayo hutaka picha.

Mwaka 2022 binti mmoja niliyemfundisha, ambaye alikuwa amemaliza kidato cha sita, alinijia nyumbani jioni.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini usiku huu?”

“Picha imerudishwa tena, mwalimu. Wanasema haisomeki. Zimebaki siku tatu.”

Alikuwa akiomba msaada wa masomo ya juu kwa njia ya mtandao, na karatasi iliyokataliwa ilikuwa cheti cha kifo cha baba yake. Mama yake alikuwa amekihifadhi kwa uangalifu wote aliokuwa nao, yaani alikikunja mara nne na kukifunga katika khanga. Nambari ya cheti ilikuwa imeangukia hasa penye mkunjo, hata tarakimu moja ukiitazama upande huu ni 3, na upande ule ni 8. Nauli ya kwenda mjini kwenye duka lenye mashine ya kunakili alikuwa nayo ya kwenda tu. Nilipiga picha ya kwanza chini ya taa ya sola, kivuli cha mkono wangu kikalala juu ya jina la marehemu. Ya pili nilikandamiza ncha za karatasi kwa vidole, na vidole vyangu vinne vikaonekana katika picha. Kulipokucha niliteremsha ukutani picha yetu ya harusi, nikachomoa kioo chake, nikakilaza juu ya cheti penye mlango, mkunjo ukatulia, na tarakimu ikajitokeza kuwa 8. Picha hiyo haikurudishwa.

Baada ya hapo mke wangu alitaka kioo chake, nami nikaona yafaa kutengeneza kifaa cha kudumu. Kwa fundi wa madirisha nilipata kipande cha kioo kilichobaki, sentimita 20 kwa 30, unene wa milimita 4. Kingo zake nilizisugua kwa maji juu ya jiwe mpaka zikaacha kukata. Kwa mawe Singida haina uhaba. Nilichukua ubao wa sentimita 30 kwa 40, nikaulaza juu yake sponji ya godoro kuukuu yenye unene wa sentimita 2, nikaifunika kwa kitambaa cheusi. Badala ya bawaba nilitumia vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, nikavigundisha kwenye kioo kwa gundi ya mafundi viatu na kuvipigilia misumari kwenye ubao, hata kioo kikawa chafunguka na kufungwa kama jalada la kitabu. Kilikuwa kizuri. Nilikipeleka darasani kwa fahari, nikakieleza kwa dakika ishirini, kisha wanafunzi wakapita mmoja mmoja kuweka karatasi, nami nikapiga picha kwa simu yangu, kwa kuwa wao hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Picha zote zilitoka safi.

Juma lililofuata nikawauliza: kwa nini tunatumia kioo, na si ubao mwingine? Kwa nini sponji? Kwa nini kitambaa ni cheusi? Darasa zima kimya. Mwishowe kijana mmoja wa mbele, mwenye adabu sana, akasimama na kujibu, “Kwa sababu ndivyo ulivyokitengeneza, mwalimu.”

Hiyo ndiyo aibu ya kwanza. Nilikuwa nimewapa jibu la swali ambalo hawakuwa wamewahi kuulizwa. Zana iliyokamilika ilikuwa imeficha kila taabu iliyoizaa, na mimi niliyepata taabu ndiye niliyejifunza peke yangu. Katika vyuo vya ualimu tunahimizwa sana kwenda darasani na zana iliyo tayari, tena iliyopakwa rangi. Mimi nadhani ziko zana ambazo yafaa ziingie darasani zikiwa bado hazijawa chochote.

Kwa hiyo nilikivunja kibao. Niliweka mezani ubao peke yake, kioo peke yake, sponji, vitambaa viwili (cheusi na cheupe), na katoni tupu ya chupa za mafuta ya alizeti. Niliwagawa wanafunzi, nao walikuwa 52, katika makundi sita, na kila kundi likapewa karatasi moja iliyokunjwa mara nane. Sharti lilikuwa moja: kabla ya kuomba kifaa chochote, kundi lipige picha bila kifaa, kisha liseme picha ina kasoro gani na kasoro hiyo imetoka wapi.

Hapo somo likaanza kujiendesha. Kundi la kwanza lilisema karatasi imekuwa na “vilima na mabonde”, na kwamba upande mmoja wa kila kilima ni mweupe na mwingine ni mweusi. Nikawauliza, mwanga unatoka wapi? Dirishani, ubavuni. Wakaigeuza karatasi, vivuli navyo vikageuka. Kundi lingine likaona kwamba herufi za juu ya ukurasa ni ndogo kuliko za chini, hata karatasi ya pembe nne ikaonekana nyembamba juu na pana chini. Kumbe aliyeshika simu alikuwa ameiinamisha. Walipoomba kioo, mikunjo ikatoweka lakini kasoro mpya ikazaliwa: ndani ya picha mlionekana mabati ya paa, dirisha, na uso wa mpiga picha akiwa ametoa ulimi kwa bidii. Darasa likacheka. Kanuni kwamba pembe ya kuangukia mwanga ni sawa na pembe ya kuakisiwa, ambayo miaka yote nimeiandika ubaoni na wao wakainakili, siku hiyo walikuwa na haja nayo. Mwanga ukitoka juu, nyuma ya simu, hurudi juu na kuingia machoni mwa simu. Ukitoka ubavuni, hupiga kioo na kuendelea zake upande wa pili. Tena kioo cha kawaida hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga unaokiangukia wima, kama asilimia 8 kwa nyuso zake mbili, lakini asilimia 8 ya dirisha lenye jua la Singida ni mwanga mwingi kuliko wino wa karatasi kuukuu.

Katoni ndiyo iliyowakomboa. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, aliisimamisha juu ya kioo, akaikata mbavu mbili ili mwanga uingie kutoka kushoto na kulia, akatoboa tundu dogo juu, akalaza simu juu ya tundu. Kwa tendo hilo moja simu ikawa sambamba na karatasi, mkono ukaacha kutikisika, na paa likaacha kuonekana kwa kuwa juu ya kioo sasa palikuwa na giza la ndani ya katoni.

Mimi nikasimama kumsahihisha. Katoni ilikuwa na kimo cha sentimita 35, nami niliona ni mbali mno. Nikaagiza ikatwe ibaki 15, ili simu iwe karibu na maandishi yakuzwe. Ikakatwa. Picha ilipotoka, ukungu ulikuwa umetanda pembeni, na mistari iliyonyooka imepinda kama pinde za Wahadzabe. Yule msichana alinitazama bila neno. Kumbe lenzi ya simu huona eneo pana, na kitu kikiwa karibu mno yale ya pembeni huvutika. Ni heri kusimama mbali, kisha kupunguza ukubwa wa picha baada ya kuipiga. Ilitubidi kutafuta katoni nyingine. Hiyo ndiyo aibu ya pili, na kwa kweli haikuniuma kama ya kwanza, maana darasa lilijifunza zaidi kwa kosa langu kuliko kwa maelezo yangu.

Kuhusu kitambaa, niliwaachia wabishane. Wengi walipenda cheupe kwa kuwa ni safi. Walipoweka karatasi nyembamba iliyoandikwa pande zote mbili, maandishi ya nyuma yalichungulia mbele. Walipobadili na kuweka cheusi, yalififia. Mwanga unaopenya karatasi ukikuta weupe hurudi pamoja na kivuli cha maandishi ya nyuma, ukikuta weusi haurudi. Kuhusu sponji, walielewa walipoleta kadi ya kliniki iliyoshonwa katikati: upande mmoja ulikuwa na kurasa nyingi, mwingine chache, na kioo juu ya ubao mgumu kikakalia upande mnene tu. Sponji hujitoa penye unene na kuinuka penye wembamba, hivyo karatasi yote ikasukumwa juu kwenye kioo.

Tulipiga pia hesabu ya uzito wa kioo, na hapa naomba mwalimu wa hisabati anisikilize. Sentimita 20 mara 30 mara 0.4 ni sentimita za ujazo 240. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina uzito wa gramu 2.5 hivi. Jawabu ni gramu 600. Kijana mmoja akakimbilia kwa muuza maharage penye lango la shule, mizani ikakubali. Tukagawanya kwa eneo la sentimita za mraba 600: gramu moja kwa kila sentimita ya mraba. Wanafunzi hawakuamini kwamba uzito mdogo hivyo watosha kunyoosha karatasi. Nikawaambia kwamba karatasi haitaki nguvu, yataka kushikwa kila mahali kwa wakati mmoja. Nilijisikia mwenye hekima nilipolisema neno hilo. Muda haukupita kabla sijalisahau mwenyewe.

Katika Septemba ya mwaka uliofuata tulikuwa katika mada ya vyanzo vya historia, kidato cha kwanza. Niliwaomba wanafunzi wawaulize wazee wao kama wana karatasi yoyote ya zamani wanayoweza kutuonyesha kwa siku moja. Mwanafunzi mmoja alikuja na bibi yake mwenyewe, ambaye hakukubali karatasi yake isafiri bila yeye. Ilikuwa cheti cha kisomo. Vijana wa leo hawajui mambo hayo: mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Agosti 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa wa kusoma na kuandika kwa watu wazima, waliokuwa wakijifunza katika madarasa ya kisomo chenye manufaa, chini ya miti na katika majengo ya shule baada ya watoto kutoka. Bibi huyu alijifunza akiwa na mtoto mgongoni. Alituambia hayo darasani, akaitoa karatasi kutoka katika pindo la khanga, ikiwa imekunjwa kwa miaka karibu hamsini, akanipa.

Ningaliweza kungoja. Lakini wanafunzi walikuwa wamesimama, katoni ipo tayari, kipindi kinakwisha. Nikaifungua, nikaikunjua mkunjo wa mwisho kwa vidole gumba, kinyume cha namna ilivyozoea kulala. Ilitoa sauti kama jani kavu likanyagwapo. Kipande kimoja kilibaki mkono wa kushoto, kingine mkono wa kulia.

Hakuna aliyesema kitu. Nilimwambia, “Bibi, nisamehe sana.” Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Ulikuwa na haraka gani, mwalimu?” Sikuwa na la kumjibu, wala leo sina.

Niliomba kubaki na vipande vile kwa siku mbili, naye akakubali, nadhani kwa huruma. Nikafanya ambalo ningalipaswa kulifanya kwanza. Karatasi ni nyuzi za mimea. Zikikauka huwa ngumu, zikipata unyevu hulegea na kukubali kulala upya. Nilichukua ndoo yenye kifuniko, nikatia maji ya kimo cha vidole viwili, nikaweka tofali katikati na chekeche juu ya tofali, juu ya maji. Vipande vikalazwa juu ya chekeche, na kitambaa kikavu kikatandazwa chini ya kifuniko ili matone yasidondoke, kwa sababu wino wa mhuri na wa kalamu ya kuchovya huyeyuka kwa tone moja. Nilikuwa nikichungulia kila saa. Baada ya saa nne karatasi ilikuwa laini kama kitambaa, nikaifungua bila kuivuta, nikaiweka baina ya vitambaa vya pamba chini ya ubao usiku kucha. Isizidi siku moja ndani ya ndoo, maana ukungu nao hupenda unyevu. Kesho yake nilivilaza vipande viwili juu ya kitambaa cheusi, kingo zikakutana, nikashusha kioo, nikapiga picha. Jina lake lilisomeka lote.

Tangu siku ile ndoo imekuwa sehemu ya zana, tena ndiyo inayotangulia. Mengine tuliyojifunza nitayataja kwa ufupi. Mtu asipige pasi karatasi yoyote asiyoijua: risiti za mashine, zile za EFD zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, zimechapwa kwa joto, na joto la pasi huzigeuza nyeusi zote, hizo zipigwe picha mapema, kwa sababu hufifia hata zikiwa kabatini. Utepe wa gundi uliokwisha kubanduliwa huondoka na maandishi, basi uachwe. Kufunikwa kwa nailoni ya moto, ambako watu wengi hukupenda, hakurudi nyuma, nako huleta mng'ao mbaya katika picha kuliko kioo. Na vumbi letu ni la mchanga wa mawe magumu, huchora kioo. Kipulizwe kwanza, ndipo kifutwe.

Jambo moja siwezi kulipita. Karatasi hizi si mali ya darasa. Simu yangu kwa muda ilikuwa na vyeti vya kifo, kadi za kliniki na hati za mashamba za nusu ya kijiji, na sikuwa nimelifikiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023 nilisoma habari zake, nikafuta picha zote. Sasa mwenye karatasi hutumiwa picha yake papo hapo, nayo hufutwa mbele ya macho yake. Na mazoezi ya darasani hufanywa kwa karatasi tunazoziandika na kuzikunja sisi wenyewe, isipokuwa mzee ametoa ruhusa kwa kinywa chake.

Bibi alitoa. Nilikwenda mjini kuchapisha picha ya cheti chake kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida, nikampelekea pamoja na vipande vya asili ndani ya bahasha isiyohitaji kukunjwa. Aliitazama nakala kwa muda mrefu, akiipitisha kidole mstari kwa mstari, akiyasoma maneno kwa sauti ya chini. Kidole kilipofika katikati, penye mstari mwembamba mweusi unaopita kutoka kushoto hadi kulia, kikasimama.

“Hapa ndipo ulipopasua,” akasema.

“Ndipo, Bibi.”

Akaendelea kusoma hadi mwisho, kisha akamwita mjukuu alete gundi.

Kibao chenyewe sasa kiko katika kabati la ofisi, kioo kikiwa kimefungwa katika kipande cha khanga, na katoni mpya hupatikana kila muhula. Mwalimu atakayependa kukijaribu asikitengeneze kabla ya kuingia darasani; achukue vitu vyake vikiwa mbalimbali, na kwa siku ya kwanza atumie karatasi isiyo ya mtu.